Joho la Bukhara na hukumu ya hariri

Jina la mji wa Bukhara halitoki midomoni mwetu, kwani kila tunukuupo Sahihi ya Imamu Bukhari huwa tumeutaja. Ni wachache kati yetu wajuao wenyeji wa mji huo, ulioko Uzbekistan, huvaa nini. Vazi lao mashuhuri ni chapani: joho pana, lililo wazi mbele, lisilo na vifungo, lifungwalo kiunoni kwa kitambaa.

Mtu wa pwani yetu angelihofia joto lake. Baina ya kitambaa cha nje na bitana hutandazwa pamba, kisha hushonwa mistari mirefu ili isihame. Huko kiangazi hufika nyuzijoto 40, na wakati wa baridi maji huganda; pamba hiyo huzuia baridi, na huzuia vilevile ukali wa jua. Mikono yake hupita ncha za vidole, ikafunika viganja vya mpanda farasi. Ubavuni hupasuliwa, ili mvaaji apande mnyama au aketi chini bila kubanwa. Nacho kitambaa cha kiunoni ndicho mfuko: humo hutiwa fedha, hata mkate.

Lililotushughulisha zaidi ni nguo yenyewe. Watu hawa ni wafumaji wa hariri tangu kale, ilhali Mtume (s.a.w.) amewakataza wanaume kuivaa, ila upana wa vidole viwili, vitatu au vinne. Fundi afanyeje? Akafuma adrasi: nyuzi za mtande, ziendazo kwa urefu, ni hariri, za mshindio, zipitazo kwa upana, ni pamba. Adrasi hufumwa hadi leo Margilan, katika bonde la Fergana. Bonde hilo ndilo alikotoka Imamu al-Marghinani, mwanachuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka 1197. Katika al-Hidaya ameihalalisha nguo ya namna hii kwa wanaume, kwa hoja kwamba kinachoifanya nguo iwe nguo ni ufumaji, na ufumaji hutimia kwa mshindio.

Sisi wafuasi wa Imamu Shafii kipimo chetu ni uzito. Hariri ikizidi, mwanamume haivai. Zikilingana, ni halali. Basi mzazi aliyeletewa joho la adrasi amvike mwanawe siku ya ndoa, asitosheke kuambiwa kwamba lina pamba. Aulize hariri yake ni kiasi gani. Mama wa bwana harusi na avae atlasi ya hariri tupu; yeye hana zuio.