Hoho za njano: Soko lake huanzia jikoni

MTEJA husimama mbele ya meza ya mboga, akashika hoho ya njano, akaigeuza, kisha akauliza: "Hii nayo inapikwaje?" Muuzaji akikosa jibu, mteja huirudisha na kuchukua za kijani alizozizoea.

Hasara ya swali hilo humfikia mkulima. Hoho ya kijani huchumwa kabla ya kuiva. Za njano nazo huanza zikiwa kijani, lakini hubaki kwenye mmea wiki kadhaa zaidi hadi zigeuke rangi. Muda wote huo mkulima humwagilia, hupambana na wadudu na huhofia jua lisizibabue. Ndiyo maana bei yake huwa juu, na zikinyauka mezani gharama yote hupotea.

Muuzaji anaweza kuanza kwa kumweleza mteja kwamba hoho hizi haziwashi, na kwa kuwa zimeiva ni tamu kuliko za kijani. Aidha, gramu 100 za hoho mbichi ya njano zina takriban miligramu 180 za vitamini C, wakati ya kijani ina takriban 80.

Vitamini hiyo hupungua kwa moto na maji. Hivyo, hoho ioshwe ikiwa nzima, iondolewe kikonyo, mbegu na utando mweupe wa ndani, kisha ikatwe. Mbichi hufaa kwenye kachumbari na saladi. Kwenye rosti ya nyama au maharage, itiwe dakika tano za mwisho ili isipoteze rangi. Vipande vikubwa huchomwa pamoja na nyama ya mishikaki. Hoho nzima nayo hujazwa wali na nyama ya kusaga iliyokwisha kuiva, ikafunikwa na kupikwa kwa moto mdogo hadi ilainike.

Kwa muuzaji, kuonjesha kipande kimoja huweza kuuza fungu zima. Mzigo ukae kivulini, na usioshwe kabla ya kuuzwa, kwani unyevu huharakisha kuoza.

Kwa upande wa mkulima, ni vyema kutafuta mnunuzi kabla ya kuziacha hoho zote ziive. Asiye na soko la uhakika anaweza kuchuma sehemu zikiwa kijani. Mmea hupata nafasi ya kuzaa nyingine, naye hupata fedha ya kununulia dawa na mbolea wakati akisubiri za njano.