Kisu, kemo na kalenda: saratani ya mlango wa kizazi mkoani Simiyu

Ikitajwa saratani ya mlango wa kizazi, mawazo ya wengi hukimbilia mashine kubwa na dawa mpya za bei ya kutisha. Bariadi, makao makuu ya mkoa, haina mashine ya mionzi, na dawa hizo mpya hazina mnunuzi huku, kwa hiyo hitimisho linakuja mapema mno: mwanamke wa Simiyu akipata ugonjwa huu, mchezo umekwisha. Tafiti za miaka ishirini na mitano iliyopita hazisemi hivyo. Zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kinachookoa maisha ni upasuaji ambao umekuwepo kwa miongo mingi, pamoja na dawa zilizokwisha kuingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ilimradi vitolewe kwa mpangilio na kwa wakati wake. Upungufu mkubwa wa Simiyu, kwa maoni yangu, ni wa kalenda kuliko wa teknolojia. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanaipa Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kwa mwaka na vifo zaidi ya 6,000, na hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi kiasi hicho nchini. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2, kwa sensa ya mwaka huohuo, hauwezi kujiona uko pembeni ya hesabu hiyo.

Tuanze na kisu. Uvimbe ukiwa bado mdogo na haujatoka nje ya mlango wa kizazi, tiba kuu ni upasuaji: kizazi kinatolewa pamoja na nyama zinazokizunguka, na tezi za nyonga zinakaguliwa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba upasuaji wa kisasa wa kutoboa matundu madogo na kuingiza kamera lazima uwe bora kuliko ule wa kufungua tumbo, maana mgonjwa anapona kidonda haraka na anarudi nyumbani mapema. Mwaka 2018 utafiti uitwao LACC, uliohusisha wanawake 631, ulileta jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Baada ya miaka minne na nusu, waliofunguliwa tumbo waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 96.5, na waliofanyiwa kwa matundu walikuwa asilimia 86. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Mwaka 2024 ukafuata wa SHAPE, wenye wanawake 700 ambao uvimbe wao haukuzidi sentimita 2. Nusu walitolewa kizazi kwa upasuaji mpana, nusu kwa upasuaji wa kawaida. Baada ya miaka mitatu saratani ilikuwa imerudi kwenye nyonga kwa asilimia 2.2 ya kundi la kwanza na asilimia 2.5 ya kundi la pili, na waliofanyiwa upasuaji wa kawaida walipata matatizo machache zaidi ya mkojo. Upasuaji wa kufungua tumbo, ambao ndio uliozoeleka kwenye hospitali zetu, haujawahi kuwa tiba ya daraja la pili kwa ugonjwa huu.

Tatizo ni kwamba wagonjwa wetu wengi hawafiki wakiwa na uvimbe wa sentimita 2. Wanafika saratani imekwisha kusambaa pembeni, na hapo kisu peke yake hakitoshi. Inahitajika mionzi pamoja na kemo. Februari 1999 taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani ilitoa tahadhari maalumu kwa madaktari baada ya tafiti tano kuonyesha kwamba mgonjwa anayepewa dawa ya sisplatini wakati anachomwa mionzi anapunguziwa hatari ya kufa kwa asilimia 30 hadi 50. Uchambuzi wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti 18, ulipoza shangwe kidogo: walio hai baada ya miaka mitano walipanda kutoka asilimia 60 hadi 66, na faida ilikuwa ndogo kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkubwa. Halafu mwaka 2024 ukaja utafiti wa INTERLACE. Wagonjwa 500 kutoka nchi tano, zikiwemo India, Mexico na Brazil, waligawanywa. Kundi moja lilipewa kwanza kemo nyepesi ya kaboplatini na paklitakseli kila wiki kwa wiki sita, ndipo likaanza mionzi na sisplatini. Baada ya miaka mitano, asilimia 80 ya kundi hilo walikuwa hai, dhidi ya asilimia 72 ya waliopata tiba ya kawaida tu. Hakuna dawa mpya hapo, ni mpangilio mpya wa dawa ambazo kampuni nyingi zinazitengeneza na bei yake imekwisha kushuka.

Hapa ndipo kalenda inapoingia. Katika INTERLACE mionzi ilifuata wiki moja tu baada ya kemo ya mwanzo. Inajulikana pia kwamba mionzi yote, ile ya nje na ile ya ndani, inapaswa kukamilika ndani ya wiki nane, kwa sababu kila siku inayoongezeka inaipa saratani nafasi ya kuota upya. Sasa tazama njia ya mgonjwa wa wilaya ya Meatu au Itilima. Anaanza kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au damu inarudi miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma. Kwenye zahanati anapewa dawa za maambukizi, tena si mara moja. Kichocho cha mkojo kimezoeleka katika maeneo haya, na kikiingia kwenye njia ya uzazi kinaweza kuleta damu na uchafu unaofanana kabisa na wa saratani. Mhudumu anayeanza na kichocho hana kosa, kosa linaanza pale dalili zinaporudi na hakuna aliyemwangalia mama huyo kwa kipimo cha ndani. Akifika Bariadi anachukuliwa kinyama, kinyama kinahitaji mtaalamu wa kukisoma, na jibu likitoka ndipo rufaa inaandikwa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kupitia Lamadi na Magu. Nauli, chakula na mahali pa kulala kwa wiki nyingi mjini vinatoka mfukoni mwa familia, na familia nyingi za huku hushika fedha pamba inapouzwa, kuanzia katikati ya mwaka. Mama aliyepata jibu mwezi Januari anaambiwa avumilie. Saratani haiujui msimu wa pamba.

Kwa hiyo pendekezo lenye mantiki zaidi kwa mkoa huu ni kufupisha njia hiyo. Kinyama kisomwe kwa siku, si kwa miezi, hata ikibidi picha za hadubini zitumwe kwa mtaalamu wa Mwanza. Tarehe ya mionzi ishikwe Bugando kabla kemo ya kwanza haijaanza. Na kemo ile ya wiki sita itolewe katika hospitali ya rufaa ya mkoa, chini ya mwongozo wa mabingwa walio mbali. Rwanda ilishaonyesha kwamba jambo hili linawezekana: kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012 katika wilaya ya vijijini ya Burera, kimekuwa kikitoa kemo kwa mikono ya wauguzi na madaktari wa kawaida wanaoshauriana na mabingwa kwa mawasiliano ya mbali.

Yapo mapingamizi, na mengine ni mazito. La kwanza linauliza kwa nini daktari wa Bariadi asitoe tu kizazi na kumaliza kazi. Jibu ni kwamba SHAPE ilichagua wagonjwa kwa uangalifu mkubwa, uvimbe ukiwa umepimwa na kina chake kinajulikana. Kutoa kizazi bila kujua ukubwa wa saratani kunaweza kuacha sehemu yake ndani, na tiba inayofuata inakuwa ngumu kuliko ambayo ingetolewa mwanzo. La pili ni kinyume chake: kama mionzi iko mbali, kwa nini kemo isipunguze uvimbe kisha kisu kimalizie? Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilijaribu hilo kwa wagonjwa zaidi ya 600, na matokeo yakatoka mwaka 2018. Waliokuwa hai bila saratani kurudi baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 69.3 kwa njia hiyo na asilimia 76.7 kwa mionzi pamoja na kemo. Njia ya mkato haikulipa. Kemo inayotolewa Bariadi bila nafasi ya mionzi Mwanza itakuwa kumfariji mgonjwa kwa sindano.

Kuna watakaosema basi Simiyu inunuliwe mashine yake. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago, Kampala, iliyokuwa ya pekee Uganda nzima, iliharibika, na nchi ikakaa zaidi ya mwaka bila huduma hiyo. Mashine bila mafundi, wanafizikia na umeme wa uhakika ni jengo lenye kufuli, na ningependa kuona Bugando inaongezewa uwezo kabla ya kila mkoa kuota ndoto yake. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la hali ya wagonjwa wenyewe. Walioshiriki INTERLACE walikuwa na nguvu na figo nzuri. Wetu wengi wanafika na upungufu wa damu, baadhi wana VVU, ambayo huongeza hatari ya saratani hii takribani mara sita, na kwa wengine uvimbe umeshabana mirija ya mkojo hadi figo hazihimili sisplatini. Si kila mama atafaa kwa kemo ya mwanzo, na matokeo ya Mumbai au ya INTERLACE hayawezi kuhamishiwa Maswa bila kupimwa huku. Ila damu inaongezwa na figo hupimwa kwa damu kidogo ya mkononi, na yote hayo yako ndani ya uwezo wa hospitali ya mkoa.

Chanjo ya kuzuia saratani hii je? Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14, uamuzi uliotiwa nguvu na utafiti wa DoRIS uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930. Ni kazi kubwa, na iendelee. Lakini mwanamke aliyezaliwa kabla ya mwaka 2003 hakuguswa na mpango huo, na saratani hii hujitokeza zaidi kuanzia miaka ya thelathini na kitu hadi hamsini na kitu. Wagonjwa wa Simiyu wa miaka ishirini ijayo, kwa sehemu kubwa, ni wanawake ambao chanjo imeshawapita. Wanachohitaji ni kuchunguzwa mapema, na kwa watakaokutwa na ugonjwa, tarehe ya Bugando iliyoandikwa siku ileile jibu la kinyama linapotoka.