Koki ya bafuni iliyogeuzwa: unayejua umezoea, mtoto je?

Katika baadhi ya nyumba zenye hita au sola, ukifungua shawa upande wa bluu yanatoka maji ya moto, na ukienda upande wa nyekundu yanatoka ya baridi. Fundi aliunganisha mabomba kinyume siku ya ujenzi. Wenye nyumba hulalamika siku mbili tatu, kisha mkono unazoea na hakuna anayelitaja tena.

Lakini anayeungua ni yule asiyejua. Ni bibi aliyekuja kutoka kijijini kwa matibabu, dada wa kazi anayeanza leo, au mtoto wa miaka mitatu aliyefundishwa shuleni kwamba bluu ni baridi.

Maji ya nyuzi joto 60 huweza kumuunguza vibaya mtu mzima kwa takriban sekunde 5. Mtoto huungua haraka zaidi kwa sababu ngozi yake ni nyembamba. Akishtuka, hukimbilia kugeuza koki kuelekea alama ya baridi, na hapo ndipo anapojiongezea moto. Mgonjwa wa kisukari ambaye neva za miguu zimekufa ganzi ana hatari ya namna nyingine: anaweza kusimama chini ya maji hayo bila kusikia maumivu, akaona malengelenge baadaye.

Hita yenye kidhibiti cha joto ishushwe hadi nyuzi 50 hivi inapofika bombani. Maji ya kuoga mtoto yawe 37 au 38, yapimwe kwa kiwiko. Kwenye beseni, tangulia maji ya baridi. Mwenye ganzi miguuni asipime kwa mguu, apimiwe na mwingine.

Matengenezo yenyewe mara nyingi si makubwa. Kwa koki ya mkono mmoja, fundi bomba huzima hita kwenye swichi, hufunga maji ya pande zote mbili, hufungua mkono na kifuniko, kisha huchomoa kile kiini cha ndani kinachochanganya maji. Katika aina nyingi akikigeuza nusu duara na kukirudisha, kazi imekwisha bila kuvunja kigae. Aina nyingine hazikubali, na hapo hapana budi kubadilishana mabomba yenyewe. Kwa koki ya vishikio viwili wapo wanaohamisha vifuniko vya rangi tu. Ni afadhali kuliko kuacha, ingawa wengi wamezoea moto kuwa kushoto.

Inayonitia hofu zaidi ni koki ile inayojirekebisha joto yenyewe, ambayo wazazi huinunua kwa ajili ya usalama. Ikiunganishwa kinyume haiwezi kudhibiti joto, na mzazi anaendelea kuiamini. Hiyo usiibandike karatasi ya onyo ukasubiri mwisho wa mwezi. Mwite fundi, na kabla hajaondoka mwambie afungue maji mbele yako.

Mtu akiungua, mtoe kwenye maji, mvue nguo na vito haraka isipokuwa vilivyoganda kwenye ngozi. Mwagia sehemu iliyoungua maji ya bomba ya baridi kwa dakika 20, huku mwili uliobaki umefunikwa asipate baridi. Usitumie barafu. Dawa ya meno, yai, asali na mafuta ya kupikia viache jikoni. Vinaweza kuingiza vijidudu, na daktari atalazimika kuvisafisha kwanza ili aone jeraha. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi.

Mpeleke hospitali bila kungoja kesho kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, kama liko usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye maungio, au kama ngozi imekuwa nyeupe na haiumi. Mtoto mchanga, mzee na mwenye kisukari waende hata kama jeraha ni dogo.