Je, Wajua? Bakteria Auaye Viwavi

Je, wajua kwamba mwaka 1901, huko Japani, Ishiwata Shigetane alibaini ya kuwa maradhi yaliyokuwa yakihiliki viwavi wa hariri kwa ghafula yalisababishwa na bakteria, na kwamba miaka 10 baadaye Ernst Berliner wa Ujerumani alimpata bakteria huyo huyo katika viwavi wa nondo wa unga kutoka Thuringia, akamwita Bacillus thuringiensis? Ajabu kubwa ni silaha yake: afanyapo spora za kumhifadhi wakati wa dhiki, hutengeneza pia fuwele ya protini, ambayo hukaa bila ya kudhuru mpaka imezwe na kiwavi, ambaye utumbo wake una ukali kama wa magadi, humo huyeyuka, sumu ikatoboa kuta za utumbo, na mdudu akaacha kula, akafa. Tumbo la binadamu lina asidi, nasi twasalimika. Aina yake iliyogunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev huua viluwiluwi vya mbu, nayo, kwa rai yangu neema iliyo adhimu, huzalishwa kiwandani Kibaha, Tanzania, kupambana na malaria.