Mshipa wa Ubongo Ukipasuka Ngorongo

Mtu wa kwetu Ngorongo akipatwa ghafla na maumivu ya kichwa ambayo hajawahi kuyasikia maishani, akatapika, shingo ikakakamaa na kope moja ikalegea, wa nyumbani hudhani malaria imempanda kichwani, au kuna mkono wa mtu. Huenda mshipa umepasuka ubongoni.

Ukuta wa mshipa wa damu ukidhoofika, hutuna kama puto. Madaktari huiita hali hiyo anurizimu. Watu wapatao 3 katika kila 100 wanayo, wengi bila kujua, na presha na sigara huongeza hatari ya kupasuka. Lakini ipo aina adimu ambayo sisi wa huku tunapaswa kuiogopa zaidi. Mtoto huumwa koo, hatibiwi ipasavyo, valvu ya moyo ikaharibika. Miaka ikipita, vijidudu hujikita kwenye valvu hiyo. Kipande humeguka, kikasafiri na damu hadi ubongoni na kuutafuna ukuta wa mshipa. Ukuta huo huwa laini mno, hata daktari akifungua fuvu anaweza kukosa pa kubana.

Ndiyo maana tiba ya kupitia ndani ya mshipa ina thamani kubwa. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye kinena, akapitisha mrija mwembamba huku akiufuatilia kwa eksirei mpaka ubongoni. Huko hujaza uvimbe kwa nyuzi za platinamu, au huuziba mshipa kwa gundi maalumu. Nyuzi hizo zilianza kutumika mwaka 1990 mjini Los Angeles, kwa kazi ya Mwitaliano Guido Guglielmi. Utafiti wa wagonjwa 2,143 waliovuja damu ubongoni, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa nyuzi, na 30.6 kwa waliofunguliwa fuvu.

Huduma hiyo ipo nchini, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Ila mshipa uliovuja hupasuka tena kwa urahisi zaidi ndani ya saa 24 za mwanzo, na mgonjwa wa Ngorongo anatakiwa afike kwanza Kibiti, ndipo aishike lami ya Dar es Salaam. Masika, safari hiyo huwa ndefu zaidi.

Kwa hiyo naomba haya: zahanati zipime presha ya kila mtu mzima anayeingia, koo la mtoto litibiwe mpaka dozi iishe, na mwenye maumivu ya kichwa ya ghafla asilazwe nyumbani kusubiri kupambazuke. Apelekwe hospitali usiku huohuo.