JE, WAJUA? Siri za Mtandaoni Hupimwa kwa Hesabu

Je, wajua kwamba kabla simu yako haijatuma neno la siri, huongea kwanza na kompyuta ya upande wa pili ili kuitambua? Utaratibu wa maongezi hayo huitwa itifaki. Ukiwa na kasoro, mwizi hupenya bila kuvunja fumbo lolote.

Je, wajua kwamba kasoro ya namna hiyo ilikaa miaka 17 bila kugunduliwa? Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha itifaki ambayo kiini chake ni hatua tatu tu. Mwaka 1995 Gavin Lowe alionyesha pengo lake: tuseme Asha anaanza kuongea na tapeli; tapeli aweza kuyapeleka maneno ya Asha kwa Juma, na Juma akaamini kwamba anaongea na Asha.

Je, wajua dawa yake? Juma ataje jina lake ndani ya jibu. Asha, aliyetarajia jina la yule tapeli, ataona jina geni na kukatisha maongezi. Lowe aliihakiki tiba hiyo kihesabu kwa programu ya uhakiki iitwayo FDR.

Je, wajua programu za uhakiki kama hiyo humchukulia mwizi kuwa na nguvu kiasi gani? Danny Dolev na Andrew Yao walimweleza hivi: husikia kila ujumbe, aweza kuuzuia, kuubadili au kutunga wake. Kinachomshinda ni kufumbua fumbo bila ufunguo.

Je, wajua kwamba TLS 1.3, itifaki inayolinda tovuti nyingi, ilichunguzwa kwa programu za namna hiyo kabla ya kutolewa mwaka 2018? Programu ya Tamarin ilisaidia kufichua shambulio katika rasimu, likazibwa mapema.

Je, wajua kwamba hakuna programu iwezayo kutoa jibu kuhusu usalama wa kila itifaki? Wanahisabati wamelithibitisha hilo. Kuna wakati Tamarin hutafuta bila kikomo, na mtaalamu hulazimika kuiongoza.

Je, wajua kwamba hata uthibitisho sahihi una mipaka? Hatua za kupeana funguo katika WPA2, itifaki ya kulinda Wi-Fi, zilithibitishwa mwaka 2005. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef akafichua shambulio la KRACK, linalokilaghai kifaa kikaweka upya ufunguo ambao kimekwisha kuutumia. Hesabu haikukosea; swali la kuweka upya ufunguo halikuwemo. Kwa hiyo, ukiambiwa mfumo umethibitishwa, uliza: umethibitishwa dhidi ya nini?