Programu huria ni ya kila mtu, lakini ni kwa kazi gani?

Kila mwisho wa mwezi, muuguzi mkuu wa kituo cha afya katika zoni ya afya ya Nizi, teritwari ya Djugu, anakaa na kuhesabu. Watoto wangapi wamechanjwa? Akina mama wangapi wamezalia kituoni? Wagonjwa wa malaria walikuwa wangapi? Makaratasi yanakwenda kwenye biro kuu ya zoni, ile watu wanaita BCZ. Pale hesabu zinaingizwa katika kompyuta, na kutoka hapo wakubwa wa afya wanaweza kuziona Bunia na Kinshasa. Programu inayofanya kazi hiyo inaitwa DHIS2. Inatumika katika mfumo wa habari za afya wa nchi nzima, wenye zoni za afya 519, na 36 kati yake ziko Ituri.

Hakuna mtu anayelipa hata franga moja kununua haki ya kutumia DHIS2, kwa sababu ni programu huria. Nyuma yake kuna jumuiya ya mafundi, walimu na watu wa afya kutoka nchi nyingi. Na jumuiya kama hiyo, kabla ya kuuliza nani ataandika nini, lazima ijibu swali moja: tuko hapa kwa kazi gani?

"Huria" maana yake nini?

Programu ni maagizo ambayo fundi anaandikia kompyuta au simu. Programu nyingi za makampuni ni kama sombe ya hoteli: unalipa, unakula, lakini jikoni huingii. Programu huria inakuja pamoja na maagizo ya kuipika. Una haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchungua jinsi ilivyoandikwa, kuibadilisha, na kuwapa wengine, hata ile uliyoibadilisha.

Wazo hili lilipata nguvu mwaka 1983, wakati Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa GNU. Mwaka 1991, mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akaanzisha Linux. Leo simu za Android zinasimama juu ya Linux. Kumbe mtu wa Nizi anayepiga simu ya Android sokoni ameisha kutumia programu huria, hata kama hajawahi kusikia jina hilo.

Lakini tusidanganyane: huria si sawa na bila gharama. Kompyuta inanunuliwa, umeme unalipwa, watu wanafundishwa, na kitu kikiharibika lazima mtu akitengeneze. Kile kisichouzwa ni haki ya kutumia.

Salongo bila barabara

Kila mtu wa Kongo anajua salongo. Watu wanatoka asubuhi na majembe na mapanga. Kama hakuna aliyesema leo tunatengeneza barabara gani, huyu atafyeka mbele ya nyumba yake, yule atachimba mfereji upande mwingine, na jioni wote wamechoka lakini gari bado haipiti.

Jumuiya ya programu huria iko namna hiyo hiyo. Kwa sehemu kubwa watu wanaingia kwa hiari. Mmoja anataka programu ya hospitali, mwingine ya shule, wa tatu anataka kujifunza tu. Na kwa vile maandishi ya programu yako wazi, mtu akikasirika anaweza kuyachukua na kwenda zake. Mlango hauna kufuli. Kinachoweka watu pamoja ni kusudi ambalo kila mmoja analielewa.

DHIS2 yenyewe ni mfano. Mizizi yake iko Afrika Kusini, mwaka 1994, wakati utawala wa ubaguzi wa rangi ulipokwisha. Nchi ilikuwa imegawanya huduma za afya katika idara 14, na kila moja ilihesabu kwa namna yake. Watafiti na watu wa afya, pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, walianza kazi na kusudi moja: habari za afya zisaidie kwanza wale wanaozikusanya, huko chini, na si wakubwa wa mji mkuu peke yao.

Kusudi hilo linaamua hata mambo madogo. Kwa mfano, ile DHIS2 ya simu inaweza kuhifadhi hesabu wakati hakuna rezo, na kuzituma baadaye rezo ikirudi. Programu iliyotengenezwa kwa kufikiria tu watu wa biro ya mji mkubwa isingekuwa na haraka ya kuweka kitu kama hicho. Kwa vituo vilivyoko mbali na mlingoti wa simu, bila hicho kazi haitembei.

Programu iko wazi, mgonjwa hayuko wazi

Kuna woga mmoja ambao unastahili jibu. Watu wanauliza: kama programu iko wazi, ina maana kila mtu anaweza kusoma jina langu na ugonjwa wangu? Hapana. Fundi seremala anaweza kuonyesha dunia nzima jinsi alivyotengeneza kabati, lakini nguo zilizo ndani ni zako na ufunguo ni wako. Maandishi ya programu yako wazi. Habari za wagonjwa zinafungwa, na nani apewe ufunguo ni jambo la wale wenye mamlaka ya afya.

Katika Djugu hili si jambo la mchezo. Tangu Desemba 2017 watu wengi wamekimbia vijiji vyao, wengine mara nyingi. Orodha inayoonyesha nani amekimbilia wapi inaweza kusaidia kugawa chakula. Ikianguka katika mikono mibaya, inaweza kuua. Ndiyo maana jumuiya inayosema kusudi lake lazima iseme pia kile ambacho haitafanya.

Historia ya Ushahidi inatusaidia kuelewa. Programu hii huria ilizaliwa Kenya mwezi Januari 2008, katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Ory Okolloh na wenzake waliitengeneza kwa siku chache ili raia watume habari za mashambulio, na habari hizo ziwekwe kwenye ramani. Kusudi lilikuwa wazi kama jina lenyewe: kutoa ushahidi wakati habari nyingi zilikuwa zinafichwa. Mwezi Novemba 2008, vita ilipopamba moto Kivu ya Kaskazini, programu hiyo ikafunguliwa kwa ajili ya Kongo.

Chombo kilikuwa kile kile, lakini mahali pengine maswali yanabadilika. Nani anahakikisha kwamba habari ni ya kweli? Mtu akituma habari ya shambulio, nani anakwenda kumsaidia? Na kama simu yake inakamatwa njiani? Programu haiwezi kujibu maswali hayo. Ni watu wanaojibu, na lazima wayajibu mbele ya kazi, si nyuma ya hatari.

Wakati kusudi linagombewa

Radio nyingi ndogo zinakata sauti na Audacity, programu huria iliyotoka mwaka 2000. Mwaka 2021 ikaingia mikononi mwa kampuni ya Muse Group. Muda mfupi tu, likatokea pendekezo la kuiwezesha kukusanya habari za jinsi watu wanavyoitumia. Watumiaji wakapiga kelele: hii ni ya kutengeneza sauti, si ya kutuchungua. Pendekezo likaondolewa. Baadaye ugomvi mwingine ulipotokea juu ya kanuni za siri za watumiaji, wengine wakachukua maandishi ya programu na kuanza yao, wakaiita Tenacity.

Somo ni hili: haki ya kuondoka na maandishi ndiyo silaha ya mnyonge. Lakini kila watu wakigawanyika, nguvu inapungua pande zote mbili. Kusudi lililoandikwa mapema linapunguza ugomvi wa baadaye.

Na Nizi inaingia wapi?

Si lazima kuwa fundi. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyopiga Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu wa kujitolea wa hapa Kongo na wa ng'ambo walichora barabara na nyumba kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, wakitumia picha za satelaiti. Lakini satelaiti inaona paa la nyumba, haioni jina la kijiji. Mkaaji ndiye anayejua kijiji kinaitwaje, na daraja gani halipitiki mvua ikinyesha.

Tuseme vijana wa Nizi wanataka kuanzisha kikundi chao cha programu huria. Kusudi lao linaweza kuingia katika mistari michache: "Tunasaidia vituo vya afya na shule za Nizi kutumia na kutengeneza programu huria. Tunafundisha kwa Kiswahili. Hatukusanyi majina ya wagonjwa wala ya wakimbizi. Kila mkaaji anaweza kuingia, na maamuzi yanachukuliwa mbele ya wote." Mtu akija na mradi mpya, wanauweka karibu na mistari hiyo na kuangalia: unaingia, au hauingii?

Na wakaaji ambao hawamo katika kikundi chochote nao wana haki ya kuuliza. Wakiletewa programu, huria au ya kununua, maswali matano yanatosha kuanza:

- Inasaidia kazi ya nani, yetu au ya yule anayeileta?
- Habari zetu zinalala wapi, na nani ana ufunguo?
- Inatumika bila rezo?
- Ikiharibika, nani hapa karibu anaweza kuitengeneza?
- Mradi ukiisha na wageni wakirudi kwao, tunabaki na nini?

Kama programu ni huria kweli, jibu la swali la mwisho linaanza na maandishi yenyewe: hakuna anayeweza kuyabeba na kuondoka nayo. Lakini maandishi bila watu waliofundishwa na wanaojua wanatumika kwa ajili gani yatakaa tu kwenye kompyuta, na vumbi litaifunika.